Mke asiye na kwao: jibu kwa mwenyekiti wa chama, Mayungu

Swali, kwa ufupi: "Mimi ni mwenyekiti wa chama cha akina mama wakaanga samaki hapa Mayungu, Malindi. Wengi wetu asili yetu ni Pemba. Wengine tulizaliwa huku, wengine wamekuja juzi kwa ndoa. Mwezi uliopita mwenzetu alipigwa na mumewe hadi mkono ukavunjika. Tulipomuuliza kwa nini hakutoka usiku ule, alisema, 'Ningetoka niende wapi?' Tumeahidiwa ukumbi wa siku moja, fulana na chakula, tufanye semina ya ukatili wa nyumbani. Waume zetu wanasema tunataka kuvunja nyumba. Wazee wanasema tusiwaaibishe Wapemba wakati vitambulisho ndiyo kwanza tumepata. Tufundishe nini, tumwite nani, hata Waoromo na Wasomali tunaokutana nao sokoni mjini, na je, chifu na polisi waje siku ya kwanza?"

Dada yangu mwenyekiti,

Nimekisoma ulichoandika mara mbili, na mara zote nimekwama pale pale: "Ningetoka niende wapi?" Huyo mwenzenu ameshawapa mtaala. Mkiweza kumjibu swali lake hilo moja, mtakuwa mmefanya kazi kubwa kuliko semina kumi.

Kwetu pwani, na Pemba ni vivyo hivyo, mke akidhulumiwa alikuwa na njia yake ya zamani: kususa. Atafunga kanga zake, atambeba mtoto, atakwenda kwa babake au kwa mjomba wake, akae huko mpaka mume aje na wazee, aketi mkekani, aulizwe. Njia hiyo ilikuwa na kasoro, na wapo waliorudishwa kwenye kipigo kwa sababu mahari ilikwishatumika na hakuna wa kuirudisha. Lakini mume alijua kwamba huyu ana watu. Kujua huko tu kulizuia mikono mingi. Sasa msichana akivuka bahari kumfuata mume dago, yaani kambi ya wavuvi, na dago likageuka mji, kwao kumebaki ng'ambo. Baba hasikii na mjomba hana nauli. Mume naye, hata asiposema, anajua.

Kwa hivyo nikiulizwa elimu ya kuzuia ukatili kwa watu waliohamia ni nini hasa, nasema ni kumtengenezea mke kwao mahali ambapo hana kwao. Na maana yake ni kwamba wa kufundishwa kwanza si yeye anayepigwa. Ni jirani anayesikia kupitia ukuta wa makuti, akageukia upande wa pili na kujifanya amelala.

Ngoja niwajibu wazee kwanza, maana hofu yao si ya kupuuzwa. Wapemba wa Kilifi na Kwale wamekaa nchi hii vizazi na vizazi bila karatasi. Kuna waliofuata samaki, kuna waliokimbia baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na kuna waliotua Shimoni Januari 2001, watu zaidi ya 2,000, wakati Pemba kulipochafuka baada ya uchaguzi. Serikali ya Kenya iliwatambua rasmi 2023. Mtu aliyeishi miaka yote hiyo akikwepa macho ya askari hatataka jina la jamaa zake lisikike kituoni, na mimi simlaumu. Ila waambieni hivi: hili si gonjwa la wageni. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofika miaka 15. Humo mna Wagiriama, Waswahili, Wakikuyu, Wajaluo, wenye digrii na wasiojua kusoma. Anayeficha kipigo ili kulinda jina la Wapemba anamlinda mpigaji, na Mpemba anayeumia ni yule mke.

Sasa semina. Miaka iliyopita nilikuwa mmoja wa walioandaa mkutano kama huo katika mtaa mmoja wa Malindi. Tulikodi viti na vipaza sauti, tukapika pilau. Katikati ya mkutano mama mmoja alisimama akaeleza yanayompata, wote tukampigia makofi. Jioni tulipakia viti vyetu tukaenda zetu. Habari zilimfikia mumewe kabla yeye hajafika nyumbani, na usiku ule alipigwa kuliko siku zote. Hatukuwa tumemwandalia mlango wa kugonga. Mpaka leo nikikumbuka yale makofi huumwa na moyo. Kwa hiyo nakuomba, ukumbi huo usiukatae, lakini uuombe kwa tarehe ya mbele, miezi sita au saba kutoka sasa. Kabla ya hapo kuna kazi ya kimya.

Tafuta watu saba. Usiwatafute kwa cheo, watafute kwa mlango: ni nani, akigongewa saa nane za usiku, atafungua? Kwa Mayungu ningeanza na somo. Huku bado msichana akiolewa hupewa somo wa kumfunda, naye humwambia mambo ambayo mama mzazi huona haya kuyatamka. Mnaye mwalimu wa ndoa tayari, anayeaminiwa, na ruhusa ya kuingia chumbani anayo. Tatizo ni kwamba masomo wengi wamerithi fundisho la "vumilia, ndiyo ndoa." Kaa nao siku nyingi, wawili watatu, chai mezani. Usiwaambie wamekosea. Waulize: mwari wako mmoja akifa mikononi mwa mumewe, wewe ulimfunda nini? Nimeona bibi wa miaka sabini akilia kwa swali hilo, kisha akawa ndiye mkali kuliko sisi sote.

Baada ya somo, tafuta mama karanga, yaani mkaanga samaki, mwenye meza karibu na banda la samaki, maana yeye huwaona wote kila siku na anajua nani amekuja na jicho limevimba. Tafuta mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwenu. Tafuta mke wa maalim. Tafuta nahodha mmoja anayeheshimiwa, na mzee wa mtaa akiwa ni mtu wa kufunga mdomo. Wa saba ni kijana wa bodaboda. Watu humsahau huyu, na ndiye anayeweza kumfikisha mtu hospitali ya Malindi usiku bila kudai nauli kwanza. Chama kiweke fungu dogo la kumlipa baadaye.

Hao saba wafundishwe mambo machache, na wayajue kama wanavyojua njia ya kwenda pwani.

La kwanza ni kuingilia bila kupigana. Mnasikia kishindo: mtu asiende peke yake wala asiende kwa matusi. Waende wawili watatu, wabishe hodi, waazime kitu. "Tunaomba ungo." "Mna kibiriti?" Mume akifungua mlango, moto umekatika. Hapo ndipo mtakapokutana na methali ambayo kila mtu anayo mdomoni, "ndugu wakigombana chukua jembe ukalime." Methali hiyo ni ya ndugu wanaogombana. Mmoja akiwa anapiga na mwingine anapigwa, huo si ugomvi, na shamba halina haraka.

La pili ni alama. Mke na jirani wake wakubaliane jambo ambalo mtoto anaweza kutumwa kulisema bila baba kushtuka. Kwa mfano, mtoto aje aseme, "Mama anaomba kawa." Usiku nani huazima kawa, kifuniko cha chakula? Basi jirani ajue. Na jirani huyo huyo amhifadhie mfuko: nakala ya cheti cha ndoa, kadi za kliniki za watoto, vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho au nakala yake, namba za simu zilizoandikwa kwenye karatasi, na pesa kidogo. Wengi wa wanawake mnaowazungumzia, karatasi zao zote zimo ndani ya sanduku la mume. Mume mwenye ufunguo wa sanduku hilo hana haja ya fimbo.

La tatu ni siri. Watakayosikia hayasimuliwi mezani pa samaki, hata kwa kutaja "mama fulani." Atakayeshindwa na hili aondolewe kwa upole, lakini aondolewe.

La nne ni kutomsukuma. Usimwambie mwenzako "mwache leo leo." Saa ya kuondoka, au ya kudai talaka, mara nyingi ndiyo saa ya hatari kubwa zaidi, kwa sababu mume anaona mamlaka yanamponyoka. Muulize anataka nini, anaogopa nini, umsaidie kupanga. Akirudi kwa mume, mlango wako ubaki wazi vile vile.

Sheria, nitaisema kwa kifupi, kwa sababu watu wengi huifanya ndiyo elimu yote, na mgeni akisikia neno "sheria" husikia "askari." Yako mambo ambayo ningetaka kila mama wa Mayungu ayajue kwa moyo. Kifungu cha 29 cha Katiba kinamlinda "kila mtu" dhidi ya ukatili, uwe umetoka kwa serikali au kwa mtu binafsi. Hakikusema kila raia. Kuumizwa kunaripotiwa bila kwanza kuthibitisha uraia. Mume mwenye kitambulisho humtisha mkewe kwamba akimwacha, "Ukenya wako umekwisha." Mwambie asome kifungu cha 13: uraia haupotei kwa ndoa kuvunjika. Aliyeolewa na raia kwa miaka isiyopungua saba ana haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia, hicho ni kifungu cha 15. Na mtoto ambaye baba au mama yake ni raia siku anapozaliwa, naye ni raia. Hawezi kunyang'anywa kwa sababu mama amesusa.

Kisha kuna Sheria ya Kulinda Watu dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015. Uzuri wake ni kwamba haikuishia kwenye ngumi. Inataja matusi na vitisho, kumnyima mtu mali au matumizi anayostahili, kumlazimisha tendo ndani ya ndoa, hata mawifi na wakwe kuingilia hadi kumtesa. Mahakama ya hakimu inaweza kutoa amri ya ulinzi: usimguse, usimkaribie, usimtishe. Kadhi ana kazi yake katika ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake, na mke anaweza kumwendea kwa khului, yaani kujikomboa kwa kurudisha mahari, au faskhi, yaani kadhi mwenyewe kuivunja ndoa. Lakini kungoja siku ya kadhi hakumzuii kuomba amri ya ulinzi kwa hakimu. Njia ni mbili na zote ni zake.

Aliyeumizwa aende hospitali kwanza, aandikwe, kisha kituoni apate namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, na fomu ya P3 ambayo daktari hujaza majeraha, nayo haiuzwi. Kama ni kubakwa, kabla ya saa 72 zipo dawa za kuzuia Ukimwi, na mapema ni bora. Asioge kwanza, na nguo aziweke kwenye mfuko wa karatasi au gazeti, si plastiki. Namba 1195, ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili, hupigwa bure, usiku na mchana, na 116 ni ya watoto. Kesi ya mtoto kunajisiwa haimalizwi nyumbani, haimalizwi kwa wazee, haimalizwi kwa ng'ombe wala kwa ndoa. Hapo msimpe mtu nafasi ya kujadiliana.

Sasa wanaume, na hapa ndipo ningependa utumie muda mwingi.

Kampala, Uganda, kulikuwa na programu iliyopewa jina la Kiswahili, SASA!, ingawa wenyewe hawazungumzi Kiswahili nyumbani. Iliendeshwa mitaani kwa miaka karibu mitatu na watu wa mitaa yenyewe: mafundi, wauza duka, mama wa sokoni. Watafiti walilinganisha mitaa iliyopata programu na isiyopata, na matokeo yalichapishwa 2014: wanawake waliopigwa na wapenzi au waume zao katika mwaka uliotangulia walikuwa pungufu kwa asilimia 52 pale programu ilipofika. Jambo ninalolipenda ni mahali walipoanzia. Hawakuanza na ukatili wala na wanawake. Walianza na nguvu: nani ana nguvu juu yako, na wewe una nguvu juu ya nani?

Wavuvi wenu wanalijua swali hilo kuliko profesa yeyote. Chombo ni cha tajiri, wavu ni wa tajiri, mafuta ni ya tajiri, deni ni lake, na samaki bei anapanga yeye. Keti nao Ijumaa baada ya swala, siku ambayo wengi hawaendi baharini, wakiwa kivulini wanashona nyavu. Nahodha wako ndiye aongoze. Aulize: siku tajiri alipokutukana mbele ya mabaharia wako, nawe ukanyamaza kwa sababu ya deni, ulihisi nini? Waache waseme. Watasema: nilijiona si mtu, nilitaka kumpiga, sikulala. Asiharakishe. Wiki ya pili aulize: na nyumbani kwako, tajiri ni nani? Nimelishuhudia swali hili likiulizwa, na kimya kinachofuata ni kirefu. Mmoja atacheka, mwingine atakasirika aondoke. Atakayebaki ameinama juu ya wavu wake, huyo ndiye mwanafunzi wako.

Na muwasikilize kweli. Kusi ikivuma, bahari imechafuka, pesa hakuna, deni linapanda, mume anakaa nyumbani miezi akiombwa unga. Nyumba nyingi huchafuka wakati huo. Shida haimpi mtu haki ya kumpiga mwenzake. Wapo maskini wengi wasioinua mkono, na matajiri wanaoinua. Lakini mkijua majira ya hatari mtaweza kujipanga: vikao vya wanaume viwe vingi kabla ya kusi, na chama kiweke akiba ya unga kama mnavyoweka ya msiba.

Kuhusu dini: mtu atakuja na aya ya 34 ya Surat An-Nisaa akidai ameruhusiwa. Usibishane naye wewe, si kwa kuwa huna haki, bali utapoteza siku nzima. Mwachie maalim, na zungumza na maalim mapema. Bi Aisha amesimulia kwamba Mtume hakumpiga kwa mkono wake mwanamke yeyote. Na aya inayofuata, ya 35, inataka mume na mke wakihitilafiana waletwe wapatanishi wawili, mmoja wa jamaa za mume na mmoja wa jamaa za mke. Muulize maalim swali langu: huyu bibi aliyevuka bahari, mpatanishi wa upande wake ni nani? Kama sulhu inafanyika na wazee wote ni wa mume, aya imetimizwa nusu. Hapo ndipo chama kinapoweza kusema, sisi tutamsimamia. Akiwa anapenda, na kama kuketi meza moja na mumewe hakumhatarishi. Pasipokuwa na usalama, sulhu isubiri.

Pesa pia. Mwanza, Tanzania, utafiti uitwao MAISHA ulichukua vikundi vya wanawake wa mikopo midogo, wengine wakapewa mikopo peke yake, wengine wakaongezewa vipindi kumi vya mazungumzo juu ya uhusiano na ukatili. Waliopata mazungumzo walipigwa kidogo kuliko waliopata mikopo tu. Nyinyi mnakutana kila wiki tayari kwa mchango. Nusu saa ya mwisho ya kikao cha chama iwe ya mazungumzo haya, kila wiki mbili, bila bango wala fulana. Mume anayeuliza mlikuwa wapi ataambiwa ukweli: kwenye chama.

Umegusia pia majirani zenu Waoromo na Wasomali mnaokutana nao sokoni mjini. Msiwabebe wote mwaka huu. Ila wakija, jambo moja: asitafsiriwe na mumewe, wala na mwanawe. Mtoto asiwe ndiye anayeyatamka aliyofanyiwa mamake. Tafuta mwanamke wa lugha yao, na ikiwezekana asiwe wa ukoo wa mume.

Chifu na polisi siku ya kwanza? Hapana. Nenda wewe na wenzako wawili kwenye dawati la jinsia kituoni, mkajue sura na jina la afisa wa kike aliyepo, naye awajue. Atakuja kwenu mwezi wa nne au wa tano tangu mwanze kazi, bila sare ikiwezekana, akae jamvini kama mgeni. Gari la polisi likisimama Mayungu siku ya kwanza, wasio na vitambulisho watakuwa wamekwishapita migombani, na ndio mliokuwa mnawatafuta.

Na huyo mwenzenu mwenye mkono uliovunjika, msimngoje semina. Nendeni wawili, leo au kesho, mume akiwa baharini, mkamfulie nguo, maana kwa mkono mmoja hawezi. Mkiwa mnafua, mwambieni mlango ni upi.

Ukishapata majina ya wale saba, nijulishe. Nitakuja mwenyewe siku ya maji mafu, alasiri, mkishamaliza kukaanga.